Kufuatilia kisukari kwa simu ukiwa kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, ndugu wanaowatunza na wahudumu wa zahanati za vijijini Tanzania na Kenya, kule ambako kliniki ya kisukari iko mbali na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi bei ya vidonge vya mwezi mzima. Vipimo vyote vya sukari hapa ni vya mmol/L (milimoli kwa lita ya damu). Dozi zilizotajwa ni mifano tu. Dozi yako ni ile aliyokuandikia anayekutibu.

Tiba mtandao ya kisukari ni nini hasa? Lazima niwe na simu janja?

Si lazima. Kazi kubwa ni mazungumzo ya simu na ujumbe mfupi, na kitochi au kabambe inaviweza vyote viwili. Unapima sukari nyumbani au zahanati, unatuma namba, muuguzi au daktari anazisoma, anakupigia, mnakubaliana hatua inayofuata. Simu janja inahitajika pale penye picha, hasa ya kidonda. Video hupendwa sana na wanaobuni miradi, lakini hula bando, hukatika, na mara chache humwambia daktari jambo ambalo sauti na namba nzuri hazijamwambia.

Je, inachukua nafasi ya kliniki?

Hapana. Inapunguza safari, haizifuti. Mtu ambaye sukari yake imetulia anaweza kuonana na daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita na katikati akafuatiliwa kwa simu. Kuna mambo hayafanyiki kwa simu hata mtandao uwe mzuri namna gani: kupima presha, mkojo na damu ya figo, kuangalia nyuma ya jicho, kupima HbA1c (kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu), na kugusa mguu.

Na je, faida yake ni ya kweli? Ndiyo, lakini si muujiza. Tafiti nyingi zimeonyesha HbA1c ikishuka kwa kiasi cha wastani, mara nyingi chini ya pointi moja ya asilimia. Kushuka huko huonekana zaidi pale ambapo anayepokea namba ana ruhusa ya kubadilisha dawa. Kumkumbusha mtu “kunywa dawa zako” kila siku bila kugusa dozi isiyomtosha hakusaidii kitu.

Fedha ni kidogo. Kipi kinunuliwe kwanza?

Stripu. Hivi ni vijiti vya kuwekea tone la damu, vinavyochomekwa kwenye glukomita, yaani mashine ya kupimia sukari. Glukomita yenyewe mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu au bure, kisha mtu anakwama kwenye stripu kwa miaka. Kabla ya kununua mashine uliza duka la dawa la karibu lina stripu za aina gani, kwa sababu stripu za kampuni moja hazisomeki kwenye mashine ya nyingine. Ukiletewa mashine na ndugu aliye ughaibuni, mwombe aangalie hilo kabla hajalipa.

Nchini Kenya wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye glukomita mwaka 2023, kwa hiyo muulize wa mtaa wako kwanza. Penye kikundi cha wagonjwa watano au sita, mashine moja inayokaa kwa mtu mmoja inatosha. Lanseti (sindano ndogo ya kuchomea kidole) haishirikishwi kamwe: kila mtu na yake, kwa sababu ya homa ya ini B na VVU, na kalamu ya kuchomea kidole nayo isizunguke.

Nina stripu chache. Nipime lini ili namba zimsaidie daktari?

Hapa ndipo stripu nyingi hupotea. Mtu anapima kila asubuhi mwezi mzima, anafika na namba thelathini za saa ile ile, na hakuna anayejua jioni kulikuwaje.

Kwa anayechoma insulini ya mchanganyiko 30/70 (sehemu 30 ya haraka, 70 ya taratibu) asubuhi na jioni, stripu sita kabla ya siku ya simu zinatosha: siku tatu, kila siku kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Namba ya asubuhi inahukumu dozi ya jana jioni, na ya jioni inahukumu dozi ya asubuhi. Daktari akiona 12 kila asubuhi na 7 kila jioni, anajua ni dozi ipi ya kuguswa.

Kwa anayetumia vidonge vya sukari vya metformini peke yake, siku mbili au tatu kabla ya simu, asubuhi kabla ya kula chochote, zinatosha, pamoja na HbA1c inapopatikana. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, ingawa kwa mzee dhaifu lengo hulegezwa.

Chochote utakachopanga, weka stripu mbili za akiba kwa siku utakayojisikia vibaya.

Niandikeje namba ili zisieleweke vibaya?

Ujumbe mmoja, mambo matano: tarehe, saa, kabla au baada ya kula, namba, dawa uliyotumia. Mfano: “Tarehe 4, saa 12 asubuhi, kabla ya kula, 9.2, insulini 30/70 uniti 16.”

Makosa yanayojirudia ni haya. Saa: mgonjwa anaandika “saa 1” akimaanisha asubuhi, mfumo wa kompyuta unaisoma saa saba mchana. Andika asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Nukta: kwa sauti, “tisa nukta mbili” ikisikika vibaya huwa tisini na mbili, hivyo taja tarakimu moja moja. Kipimo: mashine nyingi zilizonunuliwa Marekani husoma mg/dL (miligramu kwa desilita). Ukiona 126, hiyo ni 7.0, gawanya kwa 18. Na mashine ikiandika HI, haikusalimii. Inasema sukari imepita uwezo wake wa kusoma, ambao kwa mashine nyingi ni 33.3, na hilo ni jambo la hospitali leo hii. LO ni kinyume chake, na tiba yake ni sukari mdomoni mara moja.

Usitegemee kumbukumbu ya mashine peke yake. Betri ikibadilishwa, tarehe inaweza kurudi mwanzo na namba zote zikaonekana za mwaka mwingine. Daftari la shilingi chache bado linaishinda programu nyingi za simu.

Mashine inasema 17 lakini najisikia mzima. Niiamini?

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha vizuri, pima tena. Kidole kilichoshika embe au chungwa hupandisha namba sana, na kufuta kwa spiriti bila kuikausha nako huharibu. Kama ya pili inakaribiana na ya kwanza, iamini: sukari ya juu mara nyingi haiumi.

Kama zimetofautiana mno, angalia kopo la stripu. Tarehe imepita? Kifuniko kiliachwa wazi? Lilikaa juani au kwenye kabati la jikoni penye mvuke? Stripu huharibiwa na unyevu na joto, na wanaozitoa kwenye kopo na kuzifunga kwenye karatasi ili kugawana huharibu zote kwa pamoja. Upungufu mkubwa wa damu nao huweza kuifanya glukomita isome juu kuliko hali halisi.

HbA1c ina mtego wake pia. Kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au mwenye upungufu wa damu, majibu yake yanaweza kudanganya. Kanda ya Ziwa, Pwani na magharibi mwa Kenya hilo si jambo la nadra, kwa hiyo mwambie daktari wa kwenye simu kabla hajaitumia kubadilisha dawa zako.

Sukari imeshuka na simu ya zahanati haipokelewi. Nifanye nini?

Usisubiri simu. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, au mashine ikisoma chini ya 4: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, kunywa yote. Soda ya kawaida kama mililita 150 inafaa pia. Ile isiyo na sukari haifai. Pima baada ya dakika 15. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula chenye wanga, mfano ugali, ndizi au mkate. Huna stripu? Tibu tu dalili zilivyo.

Aliyezimia asinyweshwe kitu. Mlazeni ubavu, tafuteni usafiri.

Mwenye kutumia vidonge vya sukari vya glibenklamidi aliyeshukwa na sukari aende kituo cha afya hata kama ameshajisikia vizuri. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena usiku ule ule, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu.

Lini nisipige simu, niende moja kwa moja?

Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kina na haraka, usingizi usio wa kawaida, au pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno, hasa sukari ikiwa juu ya 14. Kidonda cha mguu chenye harufu, weusi au homa. Maumivu ya kifua. Mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu ghafla. Jicho kupoteza uoni ghafla. Hapo simu inafaa kwa jambo moja tu: kuwaarifu wanaokupokea kwamba uko njiani na unatumia dawa gani.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake karibu hautengenezi insulini kabisa, asiache insulini hata kama hali chakula kwa kuumwa. Dozi inaweza kupunguzwa, haiondolewi. Metformini, kwa upande wake, husimamishwa kwa muda mtu anapotapika au kuharisha sana mpaka aweze kunywa na kula tena, na mwambie anayekutibu siku hiyo hiyo.

Dozi ya insulini inaweza kubadilishwa kwa simu?

Inaweza, kwa hatua ndogo: uniti 2 kwa wakati mmoja, au asilimia 10 ya dozi, kisha kungoja siku tatu au zaidi na kuangalia namba. Anayebadilisha ahakikishe mambo manne kabla ya kutaja namba mpya.

La kwanza, sindano. Kichupa kimeandikwa uniti 100 kwa mililita, na sindano lazima iwe yenye alama za insulini hiyo ya uniti 100 kwa mililita. Sindano ya insulini ya uniti 40 kwa mililita, ambayo mara nyingi ina kifuniko chekundu, ikivutwa hadi alama ya 20 kwa insulini ya 100 inampa mtu uniti 50. Mwulize rangi ya kifuniko na asome maandishi ya pembeni.

La pili, mahali pa kuchoma. Mwambie apapase tumbo au paja. Uvimbe mgumu au laini kama mto mdogo maana yake anachoma pale pale kila siku, na insulini inafyonzwa vibaya. Ahamie mahali pengine kwanza, dozi isipandishwe, na akihama anaweza kuhitaji hata kidogo kuliko awali.

La tatu, anavyoichanganya. Ya 30/70 hubingirishwa kati ya viganja mara kumi hivi mpaka iwe nyeupe sawasawa. Asiitikise.

La nne, chakula. Aliyepandishiwa dozi msimu wa mavuno atashukwa na sukari miezi ya njaa. Hili husahaulika sana na daktari aliye mjini.

Kisha mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake, na ujumbe uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: “uniti 18, kumi na nane, asubuhi kabla ya kula.” Neno uniti liandikwe kamili. Herufi U iliyobanwa na namba imewahi kusomwa sifuri, na 18 ikawa 180.

Hatuna friji. Insulini itunzwe vipi?

Kichupa kisichofunguliwa kinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo waulize zahanati kama watakuhifadhia kwenye friji yao na wewe uchukue kimoja kimoja. Kilichofunguliwa kinakaa nje kama wiki nne mahali pa baridi, mbali na jua. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 utafiti uliotokana na joto lililopimwa ndani ya nyumba katika kambi ya Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Kwa hiyo joto la ndani ya nyumba si adui mkubwa kama dashibodi ya gari au bati la paa.

Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi: hivyo hupoza vizuri Dodoma au Turkana kwenye hewa kavu, na hupoza kidogo sana Tanga au Mombasa kwenye hewa yenye unyevu. Kichupa kikae ndani ya mfuko mkavu. Kisigusane na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana salama. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa.

Daktari anaweza kuuona mguu wangu kwa picha?

Anaweza kuona ngozi. Hawezi kuona kina cha kidonda wala kunusa, kwa hiyo mweleze harufu kwa maneno. Osha mguu, kausha, toka nje kwenye mwanga wa mchana bila kuwasha tochi ya simu. Piga kutoka sentimita 30 hivi: unyayo, kisigino, kati ya vidole, na kidonda chenyewe kikiwa na rula pembeni. Ukitumia WhatsApp tuma kama faili, kwani picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia uvimbe, ngozi kung’aa, na joto ukilinganisha na mguu mwingine kwa mgongo wa kiganja.

Ganzi unaweza kupimwa nyumbani. Fumba macho, ndugu aguse taratibu kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Sehemu ni sita. Ukikosa kuhisi mbili au zaidi, mguu wako uko hatarini na unahitaji kuangaliwa ana kwa ana.

Na macho?

Mara moja kwa mwaka, hata kama unaona vizuri. Penye kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, muuguzi aliyefunzwa anapiga, picha inahifadhiwa na kutumwa mtandao ukipatikana, bingwa anajibu baadaye. Kamera ya kawaida ya simu haifanyi kazi hiyo.

Ninataka kufunga Ramadhani. Simu inasaidia nini?

Inasaidia sana ukipiga mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, kwa sababu dozi za daku na futari si zile za kawaida. Senegal ilianza mwaka 2014 kutuma jumbe fupi za kisukari zilizolenga mwezi huu. Kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamelieleza hilo. Fungua mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, hata kama zimebaki dakika chache adhana ya magharibi ilie. Wenye kisukari aina ya kwanza kisichotulia, wajawazito na wenye figo mbovu hushauriwa wasifunge.

Watoto na wajawazito je?

Mjamzito asitegemee simu pekee: malengo yake ni makali zaidi, chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, na dozi hubadilika karibu kila wiki. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza aandikishwe kliniki maalumu. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, umefika Tanzania na Kenya na hutoa insulini na stripu bure. Simu hapo ni ya mzazi na ya mwalimu wa darasa.

Sisi ni zahanati. Tunaanzaje?

Laini ya huduma iwe ya zahanati. Ikiwa ni ya muuguzi binafsi, siku akihamishwa anaondoka na wagonjwa wote mfukoni, na hiki ndicho kifo cha kawaida cha huduma hizi. Teueni watu wawili, mmoja wa zamu na mmoja wa akiba. Wekeni saa maalumu, mfano Jumanne na Ijumaa saa nane hadi saa kumi mchana, na mgonjwa akibipu mumpigie ninyi. Bajeti ya muda wa maongezi iwe ya kituo. Chaja ya sola, mashine ya presha, mizani, rejista yenye safu ya “hatua iliyochukuliwa.” Safu hiyo ikiwa tupu wiki mbili, mnakusanya namba tu.

Katika simu yenyewe, dalili za hatari huulizwa kwanza, kisha namba, kisha dawa zilizobaki nyumbani zihesabiwe kidonge kwa kidonge, kisha miguu. Dakika kumi zinatosha.

Mnahitaji pia mtu wa kumuuliza. Mfumo wa ECHO, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 2003 kwa homa ya ini C, unafaa kuigwa: bingwa hazungumzi na mgonjwa, anakaa mtandaoni na wahudumu wa vituo vingi, wanajadili mgonjwa mmoja mmoja bila kumtaja jina. Baada ya miezi kadhaa muuguzi anajibu mwenyewe mengi aliyokuwa akiyapeleka kwa rufaa.

Simu ni ya mume wangu. Siri yangu italindwaje?

Sema mwanzoni ni saa ngapi upigiwe na kama ujumbe utaje ugonjwa. Mhudumu akipiga aulize kwanza, “Naongea na nani?” na asitaje kisukari kwa asiyehusika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kundi la WhatsApp la kijiji si mahali pa kutuma majibu ya mtu.

Nimepigiwa na mtu anayejiita daktari, anauza dawa ya kumaliza kisukari.

Kata simu. Huduma ya kweli haiombi namba ya siri ya M-Pesa wala haikuambii uache insulini, na baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimekutwa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa ndani, ambavyo hushusha sukari ghafla. Kama umeshameza, pima, ipigie laini ya zahanati yako, na wapelekee chupa waione.